Siku Mgambo Walipokuja na Rangi

Nimestaafu. Najua neno hilo na umri wangu havifanani, na mwalimu wetu wa Kiswahili akiliona ataliwekea duara jekundu, lakini ndiyo hali. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na kazi yangu imekwisha. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani, keki, na hotuba ya bosi ambaye kwa miaka yote alikuwa hawapendi. Mimi sikupewa hata soda. Basi hotuba najitolea mwenyewe, kwa ajili yenu wadogo zangu mnaosimama kwenye kona za Kariakoo na sare za shule, mkilamba barafu na kujifanya mnamsubiri mtu.

Habari za cheo naziruka kwa sababu kwenye kona hakuna pa kupanda isipokuwa nguzo ya taa. Za mshahara naziruka pia. Ulikuwa chipsi, na kuna siku hizo chipsi nilizikuta zimeshapunguzwa na mwajiri njiani.

Mwajiri mwenyewe ni Mama Mkubwa, dada wa mama yangu. Nilipomaliza la saba nilitoka Rombo kuja kukaa naye Buguruni, chumba kimoja, ukuta mmoja na fundi pikipiki ambaye hakuwa na imani na injini yoyote mpaka aisikie ikilia kichwani kwetu. Mama Mkubwa alikuwa akiuza sidiria za mitumba kwenye njia ya waenda kwa miguu, Mtaa wa Mkunguni. Ndiyo, sidiria. Shuleni wasichana wenzangu nilikuwa nawaambia tunauza vifaa vya michezo.

Alfajiri alikuwa soko la Mchikichini kabla belo la mitumba halijakatwa kamba. Wanawake wanazunguka lile belo kama wanasubiri mtoto azaliwe, kamba ikikatika tu, kila mtu ameshazama mpaka kwapani. Saa mbili yuko Mkunguni ametandaza mali mbele ya duka la vitambaa la Ami Nassoro. Ami ni Mwarabu wa hapahapa Dar, amezaliwa nyuma ya kaunta ile ile, na alikuwa na tabia ya kulalamika juu yetu huku akitutunzia mizigo stoo.

"Mmeniziba mlango," alikuwa akisema kila asubuhi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Mmeniziba mlango. Uji mmekunywa?"

Sasa nieleze kazi, maana wengine mtasema kusimama kwenye kona si kazi. Mama Mkubwa hakuwa na meza. Alikuwa na turubai la bluu lililotobolewa matundu pembeni kote, na ndani ya matundu imepitishwa kamba moja. Ukiivuta ile kamba, turubai lote linajikunja na kuwa furushi, na furushi linaruka begani, na mwenye furushi anaruka chochoroni. Mtaa mzima ulikuwa na maturubai ya namna hiyo. Wenye viatu, wenye vijiko, wenye chaja za simu, wote wanauza mkono mmoja ukiwa karibu na kamba. Mgambo wakija na gari lao lililo wazi nyuma, wanabeba walichokikuta, na ukienda kukiulizia unaambiwa hakionekani, kama vile sidiria zina miguu.

Kwa hiyo kila upande wa mtaa panahitajika macho. Upande wa Msimbazi macho yalikuwa ya Shabani. Upande wa pili yakawa yangu.

Shabani alinizidi miaka michache na alizungumza kama amestaafu jeshi. Siku yangu ya kwanza alinipa nati kubwa ya tairi la lori, nzito, imeng'aa kwa kushikwa.

"Hii ndiyo ofisi yako," aliniambia. "Unagonga nguzo ya taa. Mara moja, watu wasogeze mikono kwenye kamba. Ukigonga mfululizo, watu wasepe."

"Na mimi?"

"Wewe unalamba barafu. Mwanafunzi mwenye barafu hajawahi kukamatwa."

"Nitawajuaje wakija na nguo za nyumbani?"

"Achana na nguo. Nguo mtu anaazima. Angalia viatu. Buti halifichiki, dogo. Hata avae kanzu, atembee nayo kama anaogopa kuikanyaga, buti litasema."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote, na yalinitosha. Ukikaa kwenye kona muda mrefu unajua mambo kabla hayajafika. Bajaji zikianza kugeuza ghafla, kuna kitu. Muuza miwa akifunika miwa yake wakati jua linawaka, kuna kitu.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuja na shati la maua. Mwanaume mnene, mpole, akachuchumaa mbele ya Mama Mkubwa akasema anamtafutia mke wake.

"Saizi gani baba?"

Akaonyesha kwa mikono. Mama Mkubwa akaiangalia ile mikono kwa heshima.

"Mungu amekubariki. Chagua hizi za huku."

Mimi kule kwenye kona nikaangalia viatu. Buti jeusi, limepigwa kiwi. Nikagonga mfululizo. Mama Mkubwa akavuta kamba mteja akiwa bado amezamisha mkono ndani, mkono ukachomoka, na sekunde iliyofuata mtaa ulikuwa mweupe. Amebaki yeye peke yake katikati ya barabara, kashika sidiria nyekundu. Wenzake walishuka kwenye gari, wakamkuta amesimama hivyo. Wakamwangalia. Yeye akaiangalia sidiria. Nilicheka mpaka barafu ikaingia puani. Tangu siku hiyo tulimwita Mnyekundu, na yeye akawa anatununia sisi kuliko wafanyabiashara wote wa Kariakoo.

Mkicheka, chekeni hapo hapo, kwa sababu huko mbele sina cha kuchekesha sana.

Goti la Mama Mkubwa lilianza kuuma. Hakusema. Nililijua kwa sababu furushi lilikuwa linachelewa kuruka. Watu wengine wameshaingia chochoroni, yeye bado yuko kwenye mtaro, mkono mmoja kwenye ukuta wa Ami. Na kipindi hicho hicho mtaa wa pili kulikuwa kunajengwa soko jipya la ghorofa. Limezungushiwa mabati, na kwenye mabati wamebandika picha kubwa ya namna litakavyokuwa: watu wamependeza, hakuna anayetoka jasho, na kila mwenye mali amekaa nyuma ya kizimba chake. Ilisemwa wamachinga wa mitaa ya karibu ndio watakaopewa vile vizimba. Nani atapewa, lini, kwa utaratibu gani, hiyo haikusemwa. Mwenyekiti wetu wa wamachinga, ambaye tulimchagua kwa kunyoosha mikono kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, kila akiulizwa alijibu, "Mchakato unaendelea." Sauti ikawa ndogo ghafla.

Mama Mkubwa alikuwa akinipeleka kuitazama ile picha kama watu wanavyoenda kuona bahari.

"Mimi nataka pale," alisema, akaweka kidole kwenye mabati. "Chini ya ngazi. Mtu akishuka ngazi amechoka. Anasimama kupumua. Anaona sidiria."

"Kwa hiyo mtu akichoka anakumbuka sidiria?"

"Wewe huna cha kuvalia, utajua nini. Pale nitakaa. Sitakimbia tena."

Jumatatu moja akaja na stuli ya plastiki ya bluu. Kwenye njia ya waenda kwa miguu hakuna anayemiliki stuli, kwa sababu huwezi kukimbia nayo. Tulikuwa tunachuchumaa au tunakalia ndoo. Akaiweka stoo kwa Ami, imefungwa na karatasi lake la duka.

"Hii ya nini?" Ami akauliza.

"Ya kule kwenye ghorofa."

"Ghorofa halijaisha mama."

"Litaisha. Stuli haiozi."

Ami akaihamishia stuli kona kavu, mbali na bomba linalovuja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa kwenye kona yangu mapema, na kitu cha kwanza nilichokiona hakikuhusu mgambo kabisa. Niliona sura ngeni. Kijana mmoja ametandaza chaja pembeni ya Mama Mkubwa, turubai jipya, halina tundu hata moja. Pembeni yake mwingine, na mwingine, na wote wamekuja na viti. Nikamuuliza mama wa vijiko hao ni nani. Akasema, "Ndugu zake mwenyekiti, wameamka na biashara." Tukacheka. Tukaendelea na kazi.

Halafu wakaja. Walikuja kwa upande wangu, kwa miguu, na gari nyuma yao polepole. Mabuti. Mnyekundu yuko mbele. Mkono wangu ukanyanyua nati. Ila kulikuwa na kitu hakikai sawa. Virungu havipo. Mnyekundu kabeba kopo la rangi nyeupe. Mwenzake ana brashi. Nyuma yao kuna bwana wa tai na dada mmoja mwenye simu kubwa ile ya kuandikia. Wanatembea kama watu waliotumwa sukari. Nikashusha nati. Nikaanza kutembea kuelekea kwa Mama Mkubwa ili nimwambie atulie, maana nilihisi, sikujua, nilihisi tu, kwamba hawa leo wamekuja kwa jingine.

Shabani alikuwa upande wa Msimbazi. Kutoka kule kopo lilikuwa halionekani. Aliona gari. Aliona mabuti. Akagonga.

Aligonga vizuri sana. Sijawahi kusikia nguzo ikigongwa vile, mfululizo, bila kukosea. Na mtaa ukafanya kile ambacho ulikuwa umejifunza kwa miaka. Kamba zikavutwa. Vijiko, viatu, madera, vyote vikaruka begani.

"Mama Mkubwa, tulia," nilipiga kelele. "Wana rangi. Hawana virungu, wana rangi."

Alinisikia. Alinigeukia, nikaona amenisikia. Lakini mkono ulikuwa umeshavuta kamba, na goti baya lilikuwa limeshatangulia. Alikuwa anakimbia huku ananiangalia.

Mnyekundu akaweka kopo chini. "Mama, rudi," alisema. "Leo tunaandikisha. Mama wa sidiria, rudi, ni vizimba."

Na aliyasema kwa upole, kama siku ile ya shati la maua. Mama Mkubwa akageuka mara moja, akamwona ni nani, akaongeza mwendo.

Aliporudi, tukiwa tumemfuata mimi na Shabani mpaka uchochoro wa tatu, kazi ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamepaka namba kwa rangi nyeupe kwenye saruji, mbele ya kila aliyekutwa amekaa. Namba moja, kizimba kimoja. Waliokutwa wamekaa ni wale wenye viti. Mbele ya yule wa chaja rangi ilikuwa bado mbichi, na pale petu palikuwa saruji tupu, na sidiria moja iliyodondoka.

Mama Mkubwa akamwendea bwana wa tai, furushi likiwa bado begani.

"Baba, mimi nakaa hapa."

"Hapa tumekuta pako wazi mama."

"Nilikimbia."

"Sasa kama huna kosa unakimbia nini?"

Akahamishia furushi bega la pili. "Nyie," akasema.

Bwana wa tai akageukia saa yake. Mwenyekiti naye alikuwa hapo pembeni, amevaa shati la kwenye harusi. Mama Mkubwa akamuuliza mbona hakutuambia.

"Si nilitangaza kwenye kikao."

"Kikao gani?"

"Cha jana."

"Wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Nani alikuwepo?"

Mwenyekiti akasema tusianze mambo ya siasa. Nikamwambia kitu ambacho siwezi kukiandika hapa kwa kuwa gazeti hili la ukutani la shule linasomwa na walimu. Mama Mkubwa akanivuta mkono. Ami Nassoro akatoka dukani, akamwambia bwana wa tai kwamba huyu mama amemziba mlango miaka yote, kila siku, shahidi yeye. Bwana wa tai akamjibu kwamba malalamiko yapelekwe ofisini.

Tukayapeleka. Kwenye ile ofisi kuna benchi la kungojea lililochongwa shimo na makalio ya wananchi. Tulikwenda, mhusika yuko kikaoni. Tukaenda tena, mhusika yuko semina ya kumsogezea mwananchi huduma, Bagamoyo. Tukaenda tena, mhusika amehamishwa, anasubiriwa mwingine. Huyo mwingine alipofika alikuwa kijana mstaarabu, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama nimekuelewa kabisa. Lakini zoezi limeshafungwa." Mama Mkubwa akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru, kwa vile viti nadhani.

Shabani alikuja Buguruni usiku wa Jumamosi ile ile ya rangi. Alisimama mlangoni, hataki kuingia, na fundi pikipiki akiunguruma ukutani.

"Mama, mimi niliona mabuti."

"Najua mwanangu."

"Ningekuwa upande ule…"

"Hata mimi ningegonga. Ingia ule."

Hakuingia. Kwenye kona hakurudi tena pia. Siku hizi anasukuma mkokoteni wa mizigo huko Gerezani, na tukikutana tunaongelea mpira tu.

Baadaye mtaa wetu ukasafishwa kweli, na sisi tusio na namba tukaonyeshwa eneo. Eneo lenyewe liko mbali, nje ya mji, uwanja wa vumbi wenye kibao kizuri. Huko mgambo hawaji. Wateja nao hawaji. Mama Mkubwa akaenda na stuli yake, akatoa karatasi la duka, akakaa. Nikimtembelea Jumamosi nilikuwa namkuta amenyooka pale, mikono magotini, sidiria zimepangwa kwa rangi vizuri kuliko zilivyowahi kupangwa Mkunguni, na upepo unazipepea zote kwa pamoja. Nilitaka kutania. Nilikuwa nimeandaa utani njia nzima. Nikauacha mdomoni mpaka ukayeyuka.

"Hapa angalau nimekaa," alisema.

Ghorofa lilipofunguliwa tulikwenda kuliangalia, kama wageni. Limependeza, sitasema uongo. Chini ya ngazi, pale pale alipoweka kidole kwenye mabati, kuna kizimba chenye kufuli na vumbi juu ya kufuli. Tukamuuliza mlinzi. Akasema cha yule kijana wa chaja, lakini yeye hafanyi biashara, anatafuta wa kumpangisha. Wakati tunaongea dada mmoja alishuka ngazi, akasimama kupumua. Mama Mkubwa akamwangalia tu mpaka akaondoka.

Mali ikaisha kidogo kidogo, na Mchikichini akaacha kwenda. Ami Nassoro, ambaye mlango wake sasa uko wazi kabisa na hakuna anayeingia, alisema nyumbani kwake Upanga anatafutwa mtu wa kufua. Alilisema hilo akiangalia vitambaa vyake. Mama Mkubwa akasema sawa.

Wadogo zangu, ushauri wa kitaaluma ninao mmoja. Shabani alinifundisha viatu na alikuwa sahihi. Viatu vinakwambia ni nani amekuja. Mimi naongeza mikono: angalieni wameshika nini, na angalieni pia nani amekuja na kiti siku hiyo. Mwenye kiti ameshaambiwa. Ndicho pekee nilichoongeza kwenye fani hii, na nilikijua nikiwa nimechelewa.

Siku niliyostaafu rasmi ilikuwa mwezi uliopita. Nilitoka shule nikampitia Mama Mkubwa Upanga. Alikuwa uani nyuma ya maghorofa, amekaa kwenye ile stuli ya bluu, ametandika shuka kubwa chini na anakunjia juu yake nguo za watu zilizokauka. Nikamsalimia, akaniitikia, akaniambia nisimame mbali na nguo nyeupe na vumbi langu la shule. Tukaanza kuongelea mtihani. Ghorofa ya juu kulikuwa na fundi bomba. Akaanza kugonga bomba kwa spana, mfululizo.

Sikumwona akiinuka. Niliona shuka limekamatwa ncha zote, furushi limeruka begani, stuli imepinduka, na Mama Mkubwa anakatiza ua kwa goti lile lile, kaelekea getini. Mlinzi akasimama. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakasimama.

Nilimkuta ameshika komeo.

"Mama Mkubwa, ni fundi bomba."

Aliendelea kusikiliza. Bomba likagongwa tena. Akaangalia barabarani, kushoto, kulia, na mashuka ya Ami begani.

"Fundi tu," nikasema. "Hakuna mtu."

"Nimesikia," alisema.

Akarudi polepole, mkono ukutani. Nikatangulia, nikainua stuli, nikaifuta vumbi kwa sketi ya shule, nikaiweka palepale ilipokuwa. Alifungua furushi, akaanza kukunja nguo upya moja baada ya nyingine. Alizikunja zote akiwa amesimama.